Upindo wa Hariri Hautaki Kuvutwa

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, baraza za mafundi pale Mwanga hazilali. Harusi za Ujiji, Gungu na Kibirizi zinataka kumalizika kabla ya mfungo, na kila shughuli ina sare zake: vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo, lesi, satini. Fundi anakanyaga cherehani toka asubuhi hadi usiku, na mteja wa kesho amekwisha kukaa kwenye benchi leo.

Katika siku kama hizo alinijia mama mmoja mtu mzima, amekumbatia kitu alichokifunga ndani ya kanga. Alipofungua nikaona mtandio wa hariri, zawadi ya binti yake anayeishi Maskati. Ulikuwa umeshapitishwa kwenye cherehani mahali pengine. Ukingo ulijikunyata kutoka pembe hadi pembe kama jani la muhogo lililoanikwa juani, na sehemu mbili nyuzi zilikuwa zimevutika mpaka kitambaa kikaonyesha michirizi katikati ya rangi.

"Mwanangu, huu ndio nitakaojitanda siku ya kumtoa mjukuu wangu," alisema. "Nifanyie unavyoweza."

Nilifumua mshono wote kwa ncha ya sindano, nikakata ukingo ulioharibika, nikaupinda upya kwa mkono kwa jioni tatu. Alipokuja kuuchukua aliutupa begani, nao ukashuka wenyewe, ukatulia. Hakusema neno lolote kuhusu upindo, kwa sababu hakuuona. Sifa kubwa kuliko hiyo fundi wa hariri hapati.

Nina neno moja la kukuachia, na maelekezo yote yanayofuata ni matawi yake: hariri haitaki kuvutwa. Usiivute kwa mashine, kwa pini, kwa pasi wala kwa uzi wako mwenyewe. Ukilishika hilo, hata kama hujawahi kushika sindano zaidi ya kurudishia kifungo, utaweza kupinda mtandio wako na ukapendeza.

Kwa nini cherehani hushindwa

Cherehani ya miguu iliyozoea kitenge ina sindano nene, namba 14 au 16. Chini ya kitambaa kuna meno yanayokisukuma mbele, na juu kuna mguu wa chuma unaokikandamiza. Kitenge kinavumilia kwa kuwa pamba inashikana. Hariri inateleza. Tabaka la chini hukimbia na meno, la juu hubaki nyuma chini ya mguu, na mwisho wa mshono unakuta upindo umejisokota. Sindano nene nayo haipiti kati ya nyuzi. Inazisukuma na kuzivuta, na hariri ikishavutwa uzi haisahau.

Wapo mafundi wanaoishona vizuri kwa mashine, wenye sindano mpya namba 9 na mkono mtulivu. Lakini mshono wa mashine huwa umekaza wakati wote, na kitambaa chepesi hakina nguvu ya kuubeba. Mshono wa mkono unaachiwa ulegevu kidogo, kwa hiyo upindo unacheza pamoja na nguo. Ndiyo maana hata Paris, nyumba ya Hermès, iliyotoa mtandio wake wa kwanza wa hariri mwaka 1937, mpaka leo inapinda kingo za mitandio hiyo kwa mkono, ingawa haina uhaba wa mashine.

Nasi ukingo wa nguo si jambo geni kwetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Ujiji katika karne ya 19 ilibeba merikani na kaniki kwa watu wengi, na kwa ajili ya watemi na wakubwa ilibeba vitambaa vya rangi kutoka Maskati na Bara Hindi, vingine vimechanganywa pamba na hariri. Kiswahili kikaupa ukingo mwembamba wa hariri unaofumwa kwenye kilemba jina lake peke yake: taraza. Watu hawalipi jina jambo wasilolitazama. Wazee wetu waliijua nguo kwa kutazama ukingo wake kwanza.

Hakikisha kwanza ni hariri

Sokoni kila kinachong'aa huitwa hariri. Satini nyingi na shifoni nyingi zinazouzwa Mwanga ni poliesta, na hakuna ubaya wowote, ila zinataka kutendewa tofauti. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo wa kitambaa, zishike kwa kibano, uziwashe juu ya sahani. Hariri halisi huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyasaga kwa vidole yanakuwa unga. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na hubaki na kidonge kigumu kisichosagika. Pamba hunuka karatasi.

Harufu hiyo ya nywele ina maana yake. Hariri ni uzi wa kiwavi, na umejengwa kwa protini kama nywele za kichwani. Kiwavi mmoja hujizungushia uzi mmoja usiokatika wenye mamia ya mita. Kwa hiyo ukitaka kujua jambo fulani litaidhuru hariri au la, jiulize kama ungelifanyia nywele zako.

Kama nguo ni ya mwanamume Mwislamu, liko jambo jingine la kuulizia kabla ya kukata. Wanazuoni wengi wanamzuilia mwanamume hariri halisi, isipokuwa ukingo usiozidi upana wa vidole vinne. Ukiombwa kutia ukingo wa hariri kwenye nguo yake, pima kwa vidole kabla ya kupima kwa futi.

Andaa mikono, mahali na vifaa

Mikono ndiyo kifaa cha kwanza. Ukiwa umetoka kuchambua dagaa au kutwanga muhogo, vidole vina ngozi iliyochanika, na kila mchaniko ni ndoano. Usiku wa kabla ya kazi sugua viganja kwa sukari na mafuta kidogo, uoshe vizuri, ulainishe kucha kwa tupa. Asubuhi osha tena, kausha kabisa, usipake kitu. Mikono ikitoka jasho, poda kidogo inatosha. Mawese na hariri visikutane hata kwa bahati mbaya.

Usiitandaze hariri juu ya mkeka mtupu. Ukindu huikwaruza na kuivuta nyuzi. Tandika kanga ya pamba iliyofuliwa juu ya mkeka au meza. Pamba itaishika hariri isiteleze, nawe utapata mahali safi pa kuweka kazi ukiitwa mlangoni. Kaa karibu na mlango au dirisha asubuhi, penye mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja, kwa kuwa jua huichosha hariri na kuipausha. Upepo wa ziwani unaoinuka mchana utakupeperushia kazi na kuleta vumbi jekundu, basi maliza kabla haujaanza au funga dirisha la upande huo.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Tafuta sindano nyembamba ya mkono, namba 10 au zaidi. Kwa sindano za mkono namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi, kinyume cha zile za cherehani. Ipitishe kwanza kwenye kipande cha hariri chakavu. Ikikwama, ina kutu au ncha imekufa, itupe. Mkasi uwe mkali, usiwe ule wa kukatia karatasi kila siku. Subana itakulinda kidole cha kati. Pini ziwe chache na nyembamba, na zipite sehemu itakayofichwa ndani ya upindo tu, kwa sababu tundu la pini kwenye hariri huenda lisizibe.

Uzi wa hariri ukiupata, ndio bora. Usipoupata, chagua uzi mwembamba kuliko wote dukani, wa rangi ileile au iliyokolea kidogo, maana uzi mweupe kidogo huonekana na uliokolea hupotea. Kata urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, basi. Uzi mrefu hujifunga mafundo na kuchoka kwa kupita mara nyingi kitambaani. Ukisumbua, uburute juu ya nta ya nyuki, na wafugaji wa nyuki mkoani kwetu hawatakunyima kipande. Kisha uweke katikati ya karatasi mbili nyeupe, upitishe pasi ya vuguvugu, nta izame ndani isiache doa.

Kukata

Makosa mengi ya upindo huzaliwa mkasini. Kama unakata mtandio, chomoa uzi mmoja mzima kutoka upande mmoja hadi wa pili. Utaacha mstari mwembamba ulionyooka, nawe ufuate mstari huo. Hariri nyepesi kama shifoni iweke kwanza juu ya karatasi nyeupe, ukate vyote viwili pamoja, ili isikimbie chini ya mkasi. Usitumie gazeti, wino wake utahamia kitambaani.

Kama ni gauni au sketi iliyokatwa mshazari, au ya duara, usikate upindo siku uliyoshona nguo. Itundike usiku na mchana mzima. Kitambaa cha mshazari hushuka kwa uzito wake mwenyewe, na hakishuki sawa pande zote. Ukipinda mapema, siku ya sherehe upande mmoja utakuwa umeshuka kuliko mwingine na lawama zitakuwa zako. Baada ya kushuka, mvalishe mwenyewe, avae na viatu atakavyovaa siku ile, asimame wima mikono ikiwa chini. Pima kutoka sakafuni kwenda juu kwa fimbo au rula, ukimzunguka wewe, yeye asigeuke.

Upindo wa kuviringisha

Huu ndio upindo wa mitandio, shela na kingo za marinda mepesi. Ukikamilika unakuwa wa mviringo kama unyasi mwembamba, na nyuzi zilizokatwa zimefichwa ndani kabisa. Zipo njia kadhaa. Ninayokupa ni ile ambayo mwanafunzi huipata kwa jioni moja.

Punguza ukingo kidogokidogo, urefu wa shubiri moja kwa mara, kwa sababu ukikata wote kwa pamoja utachambuka kabla hujaufikia. Kunja ukingo kuelekea upande wa ndani, kama nusu sentimita, uuminye kwa kucha. Kisha punguza ule uliokunjwa ubaki kama milimita 3.

Anza bila fundo. Ficha mkia wa uzi ndani ya kunjo, upige mshono mdogo wa kurudi nyuma mara mbili mahali pamoja. Sasa chota uzi mmoja, au mbili zikizidi, kutoka kwenye kitambaa chenyewe, chini tu ya ukingo uliokatwa. Pandisha sindano, iingize ndani ya kunjo, iteleze humo milimita 4 au 5, itoke. Shuka tena, chota uzi mmoja. Endelea hivyo, chini na juu, ukiacha mishono wazi na milegevu kama ngazi. Usivute bado.

Ukifikisha sentimita 4 au 5, shika mwanzo wa mishono kwa mkono wa kushoto, kisha uvute uzi taratibu kwa wa kulia. Utaona ukingo ukijikunja wenyewe na kuzimeza nyuzi zote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafurahia kuona umejikunja, wanaendelea kuvuta, na kitambaa kinakunyata. Ukishajikunja, simama. Pitisha kidole gumba na cha shahada juu ya upindo kurudi nyuma, kama unayelainisha uzi, mpaka urefu wake ulale sawa na kitambaa kilicho kando yake. Ndipo upige mshono mmoja mdogo wa kurudi nyuma ndani ya kunjo, uufunge ulegevu huo hapo, uendelee.

Ukifika pembeni, kata ncha ya pembe kidogo sana kwa mshazari, kunja upande wa kwanza mpaka mwisho, kisha kunja wa pili juu yake, upige mishono miwili midogo ya kushikilia kabla ya kugeuka. Pembe ikiwa nene, ujue hukupunguza ncha. Ikichomoza nyuzi, ujue umepunguza mno. Jaribu pembe mbili tatu kwenye kipande kilichobaki kabla ya kugusa mtandio wa mtu.

Upindo wa gauni

Sketi iliyonyooka inapendeza zaidi na upindo mpana wa sentimita 3 mpaka 5, kwa kuwa uzito wake huishusha nguo. Ya duara inataka upindo mwembamba, maana ukingo wake ni mrefu kuliko mahali utakapolala, na ukiupanua utajaa mikunjo.

Kunja sentimita moja ndani, kisha kunja upana unaoutaka, upige bandi ndefu ndefu kwa uzi mwembamba ili usihame. Bandi ipite chini kidogo ya ukingo wa ndani. Rudisha ukingo huo nyuma kidogo kwa kidole, chota uzi mmoja wa kitambaa cha nje, kisha chukua kidogo kutoka kwenye upindo, uende kama sentimita moja mbele. Uzi ubaki mlegevu. Kila baada ya upana wa kiganja, piga mshono wa kurudi nyuma kwenye upindo peke yake, ili kisigino kikinasa ngazini ifumuke sehemu ndogo, isiteremke nguo nzima. Geuza upande wa nje mara kwa mara. Ukiona vishimo vidogo vinavyofuatana, umekaza. Kata uzi huo urudie. Mwisho fumua bandi kwa kuikata vipande vifupi, usiichomoe yote kwa mkupuo.

Pasi, maji na doa

Pasi ya mkaa ina kazi nzuri mkononi mwa mwenye subira. Ipeperushe majivu kabla hujaisogeza karibu na nguo, ifute kwa kitambaa chenye unyevu mpaka kisiache weusi, kisha ijaribu kwenye kipande kilichobaki. Pasi hariri kwa ndani, juu yake pakiwa na kitambaa kikavu cha pamba, kwa kuiweka na kuiinua badala ya kuiburuta. Usinyunyize maji, kwa sababu matone huacha alama za duara. Na ule upindo wa kuviringisha usiupige pasi kabisa. Ukiulaza umeua kazi yako ya jioni mbili. Pasi iishie kando yake.

Ukijichoma kidole na damu ikadondoka, usikimbilie sabuni. Lowesha kipande cha uzi wa pamba kwa mate yako, ukigusishe doa lingali bichi, urudie kwa kingine. Uzi ukivutika, usiukate. Ushike mshazari wa kitambaa pande mbili za mvuto, uunyooshe polepole mara kadhaa, na mara nyingi utarudi sehemu kubwa ya njia.

Unapoifua, kumbuka nywele: maji ya baridi na shampuu kidogo, kwa sababu sabuni ya mche ni kali mno kwake na dawa ya kung'arisha huila. Hariri ikilowa inapungua nguvu, basi usiikamue. Izungushe ndani ya taulo, ukandamize, uianike kivulini. Marashi jipulizie kwanza yakauke ndipo uvae. Udi nao ufukize kwa mbali na chetezo.

Muda na bei

Fundi mwenzangu, mweleze mteja ukweli wa kazi hii kwa hesabu. Mtandio wa sentimita 90 kwa 90 una ukingo wa mita 3.6. Ukipiga mshono kila milimita 4, hiyo ni mishono 900. Anayepiga kumi kwa dakika atatumia saa moja na nusu bila kuinua kichwa, na hapo hajahesabu kukata, pembe wala kupumzisha macho. Ukitoza kama upindo wa kitenge, utalazimika kukimbia, na mwenye kukimbia huvuta. Pokea hariri mapema, kataa ile inayoletwa usiku wa kuamkia harusi, na usione haya kutaja bei yake.

Nawe mwenye nguo, mpe fundi wako muda. Usimletee hariri siku ya Alhamisi ukiitaka Ijumaa.

Vijana wengi wanaojifunza ushonaji kwetu huanza na cherehani na kuishia kwenye cherehani. Sindano ya mkono wameiachia bibi zao, pamoja na kofia za kushona kwa mkono na mishono mingine iliyopambia nguo za pwani na bara. Naomba kila fundi mwenye mwanafunzi ampe kipande cha hariri cha shubiri mbili, sindano nyembamba na jioni tatu. Akimaliza, mwambie akitupe begani. Kikishuka na kutulia, amehitimu. Kikikunyata, mwambie afumue, aanze upya, na safari hii asivute.